Kapo Likikunjika, Tazama Kwanza Verini

UKURASA WA USALAMA NA AFYA
Somo kwa madereva, mafundi wa garaji na watu wa nyumbani

Ndugu mfanyakazi, mama wa nyumbani, na wewe kijana unayejifunza kazi ya garaji,

Somo la leo linahusu kapo la gari, lile bamba la chuma linalofunika motere. Ndugu zetu wa Tanzania wanaliita boneti. Pengine utasema: "Hilo ni jambo dogo. Gari ni motere na freni." Ngoja kidogo. Kapo lisilofunga vizuri linaweza kufunguka gari likiwa mbioni. Upepo unaliinua, linapiga kioo cha mbele na kusimama hapo kama ukuta. Dereva haoni kitu. Katika barabara ya Kasongo kwenda Kabambare kuna mashimo, madaraja membamba, na watu wanaosukuma baiskeli zenye mizigo. Hapo sekunde mbili za upofu zinatosha kuua.

Tena kapo halikunjiki bila sababu. Mara nyingi dereva analeta gari garajini na kusema: "Fundi, nyoosha kapo langu." Fundi anapiga nyundo, anapaka rangi, dereva analipa. Baada ya majuma mawili kapo limekunjika tena pale pale. Kwa nini? Kwa sababu wametibu kidonda na kuacha mwiba ndani. Mara nyingi mwiba huo ni verini iliyokuwa ngumu. Leo tutajifunza namna ya kuutafuta.

1. VERINI NI KITU GANI?

Fungua kapo. Katika magari fulani utaona fimbo moja ya chuma ambayo unaisimamisha kwa mkono ili ishike kapo. Ndivyo zilivyo Toyota Land Cruiser za mfululizo wa 70, zile ngumu zinazojulikana sana katika kazi ya migodi. Hizo hazina verini, na taabu yake ni ndogo.

Katika magari mengine utaona bomba mbili nyeusi, moja kushoto na moja kulia, kila moja ikiwa na fimbo nyembamba inayong'aa. Hizo ndizo verini za gazi. Wengine wanaziita amortisere za kapo. Utazikuta pia kwenye mlango wa nyuma wa gari, kwenye vifuniko vya mashini za kupakia udongo, na kwenye milango ya sanduku la grupu ya umeme. Kwa hiyo somo hili si la dereva wa gari dogo peke yake.

Ndani ya bomba kuna gazi ya azoti iliyoshindiliwa kwa nguvu nyingi, pamoja na mafuta kidogo. Gazi inasukuma fimbo itoke nje. Mafuta yanapunguza mwendo wake isiruke ghafula na yanalainisha mpira wa kuziba. Fikiri juu ya nguvu hiyo. Tairi la gari dogo lina upepo wa baa 2 au zaidi kidogo. Ndani ya verini gazi inaweza kupita baa 100. Ni kama mara hamsini ya tairi. Kumbuka hesabu hii, maana tutairudia tutakaposema juu ya hatari.

Verini nzuri hufanya kazi mbili. Ukifungua, inakusaidia kuinua kapo na kulishika lisianguke. Ukifunga, inakubali kurudi ndani polepole. Ikikataa kurudi ndani, ndipo taabu inapoanza.

2. KWA NINI VERINI NGUMU INAKUNJA KAPO?

Wewe uliyefanya kazi ya shimoni unajua mtaimbo. Jiwe kubwa lisilosogezwa na watu watatu, mtu mmoja analing'oa kwa mtaimbo mrefu. Anashika ncha ya mbali, anasukuma kidogo, na ncha fupi iliyo chini ya jiwe inapata nguvu kubwa.

Kapo ni mtaimbo. Bawaba ziko nyuma, karibu na kioo. Wewe unasukuma mbele kabisa, karibu na taa. Verini imefungwa karibu na bawaba. Tuseme mkono wako uko mita 1 kutoka bawaba, na nguvu ya verini inapita sentimita 10 tu kutoka bawaba hiyo hiyo. Urefu wako ni mara kumi. Ukisukuma kwa kilo 30, pale penye verini panapokea kama kilo 300.

Kama verini ni nzima, haingoji kilo zote hizo. Inarudi ndani na kapo linashuka. Lakini kama imekwama, nguvu yote inaingia katika bamba. Na bamba hilo ni nini? Ni chuma chenye unene chini ya milimita 1, kilichotiwa mifupa kwa ndani. Mbele kunashuka, nyuma kunabaki juu, na katikati bamba linavunjika mgongo. Ukisikia "kwap!" ujue tayari.

Ikiwa ni verini moja tu iliyokwama, jambo ni baya zaidi. Upande mmoja unashuka, wa pili unakataa. Kapo linajisokota kama nguo inayokamuliwa. Hata ukilifunga, kona moja itabaki juu, na kufuli haitashika sawasawa.

3. MAZUNGUMZO YA DEREVA NA FUNDI

Tuwazie dereva amerudi kutoka Salamabila, motere bado ni moto. Alifungua kapo atazame maji, na sasa halishuki.

Dereva: "Mdogo wangu, njoo unisaidie. Tukae juu ya kapo sisi wawili, litashuka tu."

Fundi: "Hapana, yaya. Tukikaa juu yake tutalivunja. Tangu lini limekuwa gumu?"

Dereva: "Tangu walipotia verini mpya. Zile za zamani zilikuwa zimelegea."

Fundi: "Namba ya verini za zamani ilikuwa ngapi?"

Dereva: "Namba gani tena? Tulitwaa zilizokuwa na urefu sawa."

Fundi: "Basi huenda ndiyo sababu. Urefu ni sawa, lakini nguvu je? Tuache motere ipoe, nitafute ubao wa kuegemeza kapo, tupime. Leo hatupigi nyundo."

Fundi huyu ana akili. Hakuharakisha. Aliuliza tangu lini, aliuliza nini kilibadilishwa, na akangoja motere ipoe. Nawe ufanye hivyo.

Kwa nini angoje ipoe? Kwa sababu gazi ikipata joto inaongeza nguvu. Kila joto likipanda digrii 10, nguvu ya verini inapanda karibu sehemu 3 au 4 kwa mia. Verini iliyo ya digrii 20 asubuhi, ikifika digrii 80 karibu na motere baada ya safari ndefu, imeongeza karibu sehemu 20 kwa mia. Ndiyo maana kapo linaweza kufungika vizuri asubuhi, likawa gumu saa nane mchana.

4. SABABU TANO ZA UGUMU

Moja: Kutu na vumbi. Wakati wa kiangazi, mwezi wa 6 hadi wa 8, vumbi jekundu la barabara zetu linaingia kila mahali. Mvua ikirudi, vumbi linakuwa tope na fimbo inashika kutu. Fimbo yenye kutu inakwaruza mpira wa kuziba, inakwama, kisha inapoteza gazi.

Mbili: Fimbo iliyopinda. Fimbo iliyopinda hata kidogo haiwezi kuingia bombani. Inapinda mtu akifunga kapo kwa kishindo, au verini ikiwa imefungwa upande, yaani kichwa chake cha juu na cha chini havitazamani.

Tatu: Nguvu isiyolingana. Juu ya bomba imeandikwa namba pamoja na herufi N, kwa mfano 300N au 450N. Hiyo ni nguvu kwa niutoni. Niutoni 10 ni karibu kilo 1. Verini ya 450N inasukuma kama kilo 45. Ukiweka ya 800N mahali pa 450N, umeweka watu wawili kufanya kazi ya mmoja, na kapo litalipa deni.

Nne: Urefu usiolingana. Verini ndefu kupita kiasi inafika mwisho wake kabla kapo halijafunga. Hata iwe mpya na nzuri, ikifika mwisho haiendi tena. Ni kama umeweka nondo ya chuma chini ya kapo.

Tano: Bawaba, wala si verini. Hii inasahauliwa sana. Gari lililosimama msimu mzima wa mvua linaweza kuwa na bawaba zilizoshikwa na kutu. Verini zinalaumiwa bure, mtu ananunua mpya, na kapo linakunjika kama kwanza.

5. NAMNA YA KUTAFUTA KOSA, HATUA KWA HATUA

Kabla ya yote: simamisha gari mahali pa sawa, vuta freni ya mkono, zima motere, ondoa ufunguo. Vaa glavu na miwani ya kinga. Muwe watu wazima wawili. Mtoto asiitwe kushika kapo, hata kwa dakika moja.

Hatua ya 1: Tazama. Kapo likiwa limefungwa, tazama nafasi kati ya kapo na madigadi, kushoto na kulia. Zilingane. Kona ya nyuma ikiwa juu, shaka bawaba au verini ya upande huo. Mkunjo ukiwa upande mmoja karibu na bawaba, shaka verini ya upande huo. Mkunjo ukivuka kapo lote kutoka kushoto hadi kulia, shaka verini zote mbili, au bawaba zote mbili.

Hatua ya 2: Fungua polepole na usikilize kwa mikono. Je, linapanda kwa ulaini, au kwa kurukaruka? Je, linakwama mahali pamoja kila mara? Kurukaruka kunaonyesha fimbo iliyopinda au yenye kutu. Usilishushe kwa nguvu ukiona linakataa.

Hatua ya 3: Egemeza kapo. Tumia ubao mgumu, wenye mkato juu ili usiteleze, na uufunge kwa kamba. Fimbo ya muhogo au ufagio si egemeo. Mwenzako abaki ameshika kapo. Ukishatoa verini, kapo halina mshikaji. Linaanguka kama mlango wa mtego.

Hatua ya 4: Toa verini, moja moja. Penye kichwa cha gololi kuna kibanio kidogo cha chuma. Kiinue kidogo kwa bisibisi nyembamba, usikitoe chote, halafu vuta verini. Weka alama: ya kushoto, ya kulia.

Hatua ya 5: Jaribu bawaba. Sasa verini hazipo. Ninyi wawili shikeni kapo, ondoeni ubao, mlishushe na kulipandisha polepole. Likienda kwa ulaini, bawaba ni nzima na mkosaji ni verini. Likiwa bado gumu, mkosaji ni bawaba. Zitie mafuta ya kulegeza kutu, ngojeni, mjaribu tena. Bawaba iliyopinda isinyooshwe kwa nyundo, ibadilishwe. Hatua hii ni roho ya somo letu, maana inatenga makosa mawili yanayofanana. Mkimaliza, egemezeni kapo tena.

Hatua ya 6: Jaribu kila verini. Weka kipande cha ubao chini. Simamisha verini wima, fimbo ikitazama chini, kichwa cha fimbo kikiwa juu ya ubao. Uso wako usiwe juu yake. Shika bomba kwa mikono miwili na ulemee kwa uzito wa mwili, moja kwa moja, bila kuiinamisha. Halafu soma jibu:

Inaingia polepole na kurudi polepole: ni nzima.
Inaingia kirahisi na hairudi: gazi imekwisha. Hii haikunji kapo, lakini inaliacha likuangukie kichwani.
Inaingia kwa kurukaruka: fimbo imepinda au ina kutu.
Haiingii kabisa: imekwama, au nguvu yake ni nyingi mno. Soma namba yake.

Ukiwa na mizani ya jukwaa, ile ya kupimia magunia, weka ubao juu yake na ulemee verini hapo. Fimbo inapoanza kuingia, mwenzako asome kilo. Zidisha mara 10, utapata niutoni kwa kukadiria. Linganisha ya kushoto na ya kulia. Zikitofautiana sana, umepata kinachosokota kapo lako.

Hatua ya 7: Jaribu urefu. Lemea verini mpaka mwisho wake na upime ni kiasi gani cha fimbo kimebaki nje. Tuseme ni sentimita 2. Kata kijipete cha mpira kutoka shambrere ya baiskeli, ukivishe katika fimbo, ukisogeze mpaka kiguse bomba. Rudisha verini garini, ondoa ubao, shusha kapo taratibu bila kulilazimisha, kisha lifungue. Bomba limesukuma kijipete mpaka lilipofika. Pima kutoka kijipete hadi kichwa cha fimbo. Ikiwa kimebaki zaidi ya sentimita 2, verini ina nafasi. Ikiwa ni sentimita 2 barabara, verini imefika mwisho. Ni ndefu mno kwa gari hili. Kumbuka kuondoa kijipete baada ya kupima.

6. BAADA YA KUPATA MKOSAJI

Badilisha verini mbili pamoja, ingawa moja ndiyo iliyokufa. Mpya na kuukuu havivuti sawa, na kapo litajisokota. Nunua kwa namba ya gari na kwa namba ya N, si kwa macho. Twende sokoni na verini ya zamani mkononi, au tuandike namba yake katika karatasi kabla ya kumtuma mtu Kindu, Bukavu au Kalemie. Piesi inatoka mbali; ukikosea, unalipa safari mbili.

Ukizifunga, fimbo itazame chini kapo likiwa limefungwa. Hivyo mafuta ya ndani yanashuka juu ya mpira wa kuziba na kuulinda usikauke. Verini nyingi zinakufa mapema kwa sababu zilifungwa kichwa chini.

Kama piesi haijafika, usiendelee kufunga kapo kwa nguvu kila siku. Toa verini zote mbili na utumie egemeo la chuma au la ubao, lenye mkato na kamba. Andika karatasi ubandike ndani ya kapo: "VERINI ZIMETOLEWA. TUMIA EGEMEO." Mwenzako wa zamu ya usiku hajui ulichofanya mchana. Karatasi hiyo ndiyo itakayookoa shingo yake.

Na gari ambalo lilizaliwa na fimbo, liachie fimbo yake. Kuna vijana wanaopenda kutia verini kutoka gari lingine ili lionekane la kisasa. Mifupa ya kapo hilo haikutengenezwa kubeba nguvu hiyo. Itapasuka.

Sasa ndipo tunapomwita fundi wa kunyoosha bodi. Mkunjo mdogo unaweza kunyooshwa. Lakini ikiwa mifupa ya ndani imepasuka karibu na bawaba, au karibu na kufuli, kapo hilo libadilishwe. Rangi inaficha ufa, haiuungi.

Mwishoni, jaribu kufuli. Funga kapo, shika ukingo wake wa mbele na uvute juu kwa nguvu: lisicheze. Kisha vuta kamba ya kufungulia ndani ya gari: kapo liinuke kidogo tu, na ndoano ya pili, ile ya usalama, ilishike. Ndoano hiyo isiposhika, gari halitoki garajini. Kamba ya manila kwenye grili si kufuli. Inakatika penye shimo la kwanza.

7. MAMBO YA KUKATAZA KABISA

Usitoboe verini. Usiikate kwa msumeno. Usiipashe moto, wala usichomelee chuma karibu nayo. Tulisema ndani kuna zaidi ya baa 100. Ikipasuka, fimbo inatoka kama risasi.

Usiitupe katika moto wa takataka, wala kwenye jalala wanakocheza watoto. Usimpe mhunzi aifue kisu au jembe. Yeye ataiweka katika makaa bila kujua kilichomo. Mama, ukimwona mtoto anachezea bomba jeusi lenye fimbo inayong'aa, mnyang'anye. Verini kuukuu irudishwe garajini na kuwekwa mahali palipofungwa, pamoja na vyuma vya hatari.

Usishike fimbo inayong'aa kwa koleo. Alama moja ya jino la koleo inachana mpira wa kuziba. Usiipake grisi nzito. Grisi inakamata vumbi na kuwa kama msasa. Ipanguse kwa kitambaa laini kikavu, basi. Ukiosha gari, usielekeze maji ya nguvu juu yake.

Usifunge kapo kwa kusukuma kona moja. Weka viganja viwili mbele, katikati, juu ya kufuli. Lishushe mpaka karibu, halafu limalizie kwa namna kitabu cha gari kinavyosema. Kabla ya kulifunga, piga kelele: "Nafunga!" Mwenzako anaweza kuwa na mkono kwenye batri.

8. MTU AKIUMIA

Kidole kikibanwa: toa pete mara moja, kabla kidole hakijavimba. Osha kwa maji safi na sabuni, bana kidonda kwa kitambaa safi, inua mkono juu ya kifua. Usiondoe ukucha uliolegea. Usipake mazutu, wala grisi, wala udongo. Kidole kikiwa kimepinda, kimekufa ganzi au hakiendi, nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo, na uulize juu ya sindano ya pepopunda.

Kapo likimpiga mtu kichwani: asirudi kazini, na asiachwe peke yake. Nyumbani wamwangalie mchana na usiku. Akitapika, akiumwa kichwa sana, akisema maneno yasiyoeleweka, akilala usingizi mzito usio wa kawaida, akitetemeka viungo, au mboni za macho zikiwa moja kubwa na moja ndogo, apelekwe hopitali bila kungoja asubuhi, iwe Kasongo, iwe Kabambare. Mama, kazi hii ya kuangalia ni yako kuliko ya daktari, maana daktari hayupo usiku nyumbani kwako. Asipewe pombe ili "damu itembee". Hiyo ni njia ya kuficha dalili.

9. MAULIZO YA KUJIPIMA

Funika majibu kwa mkono, ujibu kwanza.

1. Umetoa verini zote mbili na kapo bado ni gumu. Mkosaji ni nani?
2. Kapo linafunga asubuhi, linakataa mchana baada ya safari. Kwa nini?
3. Verini ya kulia imekwama, ya kushoto ni nzima. Unanunua ngapi?
4. Kwa nini fimbo ya verini itazame chini?
5. Rafiki yako mhunzi anaomba verini kuukuu. Utamjibu nini?

Majibu: 1. Bawaba. 2. Joto la motere limeongeza nguvu ya gazi. Ngoja ipoe, kisha upime kama namba ya N inalingana. 3. Mbili. 4. Ili mafuta ya ndani yalinde mpira wa kuziba. 5. "Hapana, ndugu yangu, kwa sababu nakupenda."

KUMBUKA

Kapo likikataa kushuka, linakuambia neno. Ondoa mikono, ulisikilize. Tafuta mkosaji kwanza, nyundo baadaye. Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Ufa wa leo ni verini yenye kutu; ukuta wa kesho unaweza kuwa kapo lililosimama mbele ya macho ya dereva, nyuma yake wafanyakazi kumi wanaorudi nyumbani.

Kata ukurasa huu, uubandike katika ukuta wa garaji. Usiku ukiwa nyumbani, msomee pia kijana wako. Kesho yeye ndiye atakayeitwa kushika kapo, na atajua kusema: "Baba, tutafute egemeo kwanza."